Ladha ya Mkono

Mvua ikinyesha Daegu, hakuna anayeuliza tule nini.
Miguu inajua. Nafunga kibanda, nafuta grisi ya vyerehani vidoleni,
napita duka la vitambaa, duka la soksi,
duka la yule anayeuza vifungo kwa kilo,
naingia uchochoroni penye harufu ya dagaa wakavu na mwani.

Meza tano. Ya sita ni ndoo iliyopinduliwa,
nayo ni ya mzee Eom, kwa hiari yake.

Miaka kumi na tisa mama Tak Bun-rye
amesimama juu ya sufuria ile
na donge la unga kiganjani, akinyofoa, akitupa,
akinyofoa, akitupa,
huku akimgombeza mtu wa mezani bila kugeuka.
Kila kipande na umbo lake: hiki sikio, hiki ulimi,
hiki kisigino cha mtoto.
Viazi, mumunye, supu ya kubabua kinywa,
kimchi iliyochacha hadi inauma taya.
Sujebi. Woni elfu saba. Maji jichotee.

Mwezi wa pili akateleza kwenye barafu, mlangoni pake.
Kifundo cha mkono, vipande vitatu.
Tukamkuta amekaa penye kasha la pesa, plasta hadi kiwiko,
na jikoni mkazamwanawe, Diem, mtu wa Quang Ngai,
ananyofoa.

Vidole vyembamba. Vipande vikatoka vyembamba,
karibu mwanga upenye.
Mzee Eom akainua kimoja kwa kijiko, akakitazama
kama noti anayoishuku.
"Hiki cha kumlishia shomoro."
Akala bakuli zima. Akalipa. Kesho yake akarudi kulalamika tena.

Nami, nisifiche, nilinuna.
Dagaa walewale, chumvi ileile,
lakini ulimi una kinyongo, hausamehe upesi.
Huku kwetu twasema ladha hukaa mkononi mwa mpishi,
si chunguni.
Sasa mkono umo ndani ya plasta. Ladha iko wapi?

Alhamisi moja niliwahi, saa tano kasoro robo,
viti vingali juu ya meza.
Mama Tak alikuwa peke yake karibu na friji,
anakula kwa mkono wa kushoto, kijiko kinatetemeka.
Si sujebi. Uji wa mchele, mweupe,
tangawizi, nyuzi za kuku, kitunguu majani,
na tone la kitu kilichonuka bandari nzima.
Alinitazama kama niliyemfuma akiiba.
"Wa kwake," akasema, kidevu kikielekea jikoni. "Wa wagonjwa."
Kisha akagonga bakuli tupu, mara mbili,
Diem akaja, akajaza, hakusema neno.
Hawa wawili, miaka minne nyumba moja,
nilizoea kuwasikia wakizungumza kwa milango.

Nikasema, nami naumwa.
"Unaumwa nini?"
Nikafikiri. Mgongo. Mvua. Cherehani ya mteja wa Chilgok.
Mama Tak akacheka hadi plasta ikagonga meza.

Uji ule ulishuka taratibu,
kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Plasta imetoka. Mkono umekonda, haukazi donge kwa muda mrefu;
mmoja ananyofoa, akichoka mwenzake anapokea,
na wanagombana juu ya chumvi. Kwa maneno, hatimaye.
Ukutani, chini ya sujebi, pana mstari mpya wa wino mzito,
mwandiko wa Diem, herufi moja imekosewa.
Mteja mmoja alitaka kuirekebisha. Mama Tak alimnyang'anya kalamu.
Mzee Eom huagiza vyote viwili, hulalamikia vyote viwili.

Leo mvua tena. Bakuli langu lina vipande kumi na vinne,
vingine vinene, vingine naona kijiko ng'ambo yake.
Nimejaribu kubashiri kipi cha nani,
nikaungua ulimi.
Naomba kimchi nyingine.